Sheria nayo ni kinga: Funzo la sumu ya risasi Owino Uhuru

Tunapozungumzia kinga ya magonjwa, wengi wetu hufikiria chanjo, chandarua, au maji yaliyochemshwa. Ni nadra mtu kuifikiria sheria. Hata hivyo, yapo magonjwa ambayo mtu hawezi kujikinga nayo akiwa peke yake, hata awe msafi na mwangalifu kiasi gani. Kinachoyaleta hakionekani kwa macho, aghalabu hakina harufu, na si yeye aliyekileta. Kinga ya magonjwa hayo huanzia katika ofisi ya serikali, pale ambapo afisa hutia sahihi au hukataa kutia.

Wiki hii tunaeleza jinsi kanuni za serikali zinavyoweza kuzuia magonjwa sugu, yaani yale yanayomwingia mtu polepole na kukaa naye miaka mingi, kama vile shinikizo la damu, maradhi ya moyo na maradhi ya figo. Mfano wetu mkuu hatuutoi mbali. Uko Mikindani, upande wa bara wa Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia majirani sumu ambayo dawa za hospitali haziwezi kuyafuta madhara yake yote.

CHUMVI YA CHUNGUNI

Tuanze na jambo jepesi, chumvi. Chumvi tunayotumia kwa wingi huvunwa hapa hapa Pwani, katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Kurawa, Kaunti ya Kilifi. Tangu miaka ya 1970 sheria imemtaka mtengenezaji aitie ayodini, ambayo wengine huiita madini joto, kabla ya kuiuza. Mtu akikosa madini hayo huota rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, na mtoto aliye tumboni mwa mama yake anaweza kuzaliwa na upungufu wa akili usiotibika.

Mama wa Kisauni anayepika mchuzi wake jioni huenda hajapata kuisikia sheria hiyo. Hana haja. Akitia chumvi chunguni amekwisha kuwakinga watoto wake. Serikali haikumwambia kila mwananchi aende dukani ajitafutie ayodini, ilimwendea mtengenezaji. Huo ndio ufunguo wa kinga ya kisheria. Badala ya kujaribu kubadilisha tabia za mamilioni ya watu, kanuni hubadilisha kazi ya watengenezaji wachache.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ilifuata njia hiyo hiyo. Ilipiga marufuku uvutaji wa sigara katika maeneo ya umma, matangazo ya tumbaku, na uuzaji wa sigara kwa watoto walio chini ya umri wa miaka 18. Abiria asiyevuta, ambaye awali alilazimika kuvumilia moshi wa jirani yake ndani ya matatu ya Likoni, alipata wa kumtetea. Ushauri wa daktari peke yake usingeweza kumfanyia hivyo.

PETROLI ILIYOKUWA NA SUMU

Mfano wa pili unaihusu risasi yenyewe. Hapa tunakusudia yale madini laini, mazito, ya rangi ya kijivu, ambayo hutumika katika betri za magari, na ambayo wavuvi huyafanya chubwi ya kuzamishia mshipi. Kuanzia miaka ya 1920 makampuni ya mafuta yaliichanganya risasi katika petroli ili injini isigonge. Kila gari lililopita likatoa chembe za risasi kupitia ekzosi, zikaingia hewani na kutua udongoni.

Petroli iliyouzwa Kenya, ikiwemo ile iliyotoka katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, ilitiwa risasi kwa miaka mingi. Mkaazi wa Magongo au Miritini hangeweza kujikinga nayo kwa kufunga madirisha. Mwezi Juni mwaka 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakakubaliana kuiondoa. Kufikia Januari 2006 petroli hiyo ilikuwa imekoma kuuzwa katika eneo hilo zima. Algeria, nchi ya mwisho duniani kuitumia katika magari, iliacha mwaka 2021.

Je, hatua kama hiyo huleta faida gani? Tutazame Marekani, ambako vipimo vilifanywa kabla na baada. Katika miaka ya 1976 hadi 1980, wastani wa risasi katika damu ya wananchi ulikuwa mikrogramu 12.8 kwa kila desilita moja ya damu. (Desilita ni sehemu ya kumi ya lita, na mikrogramu ni sehemu ya milioni ya gramu.) Kati ya mwaka 1988 na 1991 wastani huo ulikuwa umeshuka hadi 2.8. Watu hawakupewa vidonge wala sindano. Kilichofanyika hasa ni kuondolewa risasi katika petroli, na pia katika mikebe ya chakula iliyounganishwa kwa risasi.

RISASI INAFANYA NINI MWILINI?

Risasi haina kazi yoyote katika mwili wa binadamu. Huingia kwa njia mbili kuu: kwa kuvuta vumbi au moshi wake, na kwa kumeza. Kwa mtu mzima, sehemu kubwa ya ile aliyoimeza hutoka nje. Mtoto mdogo hana bahati hiyo. Mwili wake hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima, na ni yeye huyo anayetambaa sakafuni, anayecheza mchangani na kutia vidole mdomoni. Mtoto asiyepata chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu hufyonza zaidi, kwa hivyo sumu hii humpata maskini kwa nguvu kuliko tajiri.

Ikishaingia, risasi huzunguka na damu kwa majuma kadhaa, kisha hujificha katika mifupa na meno. Mwili huidhania kuwa ni kalsiamu. Humo mifupani inaweza kukaa miongo ya miaka. Mwanamke akipata mimba, mwili wake huchota kalsiamu kutoka mifupani ili kumjenga mtoto, na ile risasi ya zamani hutoka pamoja nayo. Hivyo mama aliyeathirika akiwa msichana anaweza kumrithisha mwanawe sumu hiyo hata kama kiwanda kimefungwa zamani.

Madhara yake ni mengi. Kwa watoto huharibu ubongo unaokua: mtoto huwa mzito wa kujifunza, hana utulivu, na uwezo wake wa akili hupungua. Risasi ikiwa nyingi sana huleta degedege, kupoteza fahamu na hata kifo. Kwa watu wazima hupandisha shinikizo la damu, huharibu figo, huleta upungufu wa damu, na kwa wajawazito huweza kuharibu mimba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 1.5 duniani walikufa kutokana na risasi, wengi wao kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu.

Ndiyo maana ugonjwa huu ni mgumu kutambulika. Mzee anayeanguka kwa kiharusi akiwa na miaka 55 ataandikiwa kuwa alikuwa na presha. Mtoto anayeshika mkia darasani ataitwa mvivu. Huwa hakuna anayeuliza walivuta hewa gani miaka 10 au 20 iliyopita.

Tiba ipo, lakini ina mipaka. Zipo dawa zinazoshikana na risasi katika damu na kuitoa kwa mkojo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unashauri mtoto apewe dawa hizo damu yake ikifikia mikrogramu 45 au zaidi kwa desilita. Dawa huweza kuokoa maisha, lakini haiurudishi ubongo ulioharibika. Mwongozo huo huo unataka hatua zichukuliwe kuanzia mikrogramu 5, na hatua ya kwanza si dawa, bali ni kutafuta sumu inatoka wapi na kuizuia. Aidha, wataalamu wanasema hakuna kiwango cha risasi ambacho kimethibitishwa kuwa salama.

YALIYOTOKEA OWINO UHURU

Sasa msomaji azitazame tarehe. Petroli yenye risasi ilikoma mwanzoni mwa mwaka 2006. Mwaka 2007, kiwanda cha Metal Refinery EPZ kilianza kazi ya kuyeyusha betri kuukuu Mikindani, sehemu ambayo wakati huo ilikuwa katika eneo bunge la Changamwe na sasa iko Jomvu. Sumu iliyofukuzwa barabarani ikarudi kupitia bomba la kiwanda.

Kazi yenyewe si ya siri. Betri huvunjwa, tindikali ikamwagwa, na zile bamba za ndani zikatiwa katika tanuri. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, nayo huyeyuka kwa joto la nyuzi 327 tu. Pasipokuwa na vichujio madhubuti, moshi hutoka na vumbi la risasi ambalo hutua juu ya mabati, katika mapipa ya maji ya mvua, kwenye nguo zilizoanikwa na katika udongo. Owino Uhuru ni mtaa wa watu wapatao 3,000, nyumba zao zimesongamana, na ukuta wa kiwanda ulikuwa jirani yao.

Wakaazi walilalamika kuhusu moshi uliowawasha macho na koo, watoto waliougua mara kwa mara, na mimba zilizoharibika. Mwaka 2009 kiwanda hicho kilimwajiri Bi Phyllis Omido. Mwanawe aliyekuwa akinyonya akaugua, na baada ya vipimo vingi ikagunduliwa kwamba damu yake ina risasi. Mama huyo ameeleza kuwa sumu ilimfikia mtoto kupitia maziwa yake. Aliacha kazi, akaanzisha shirika la kutetea haki na mazingira linalojulikana kwa kifupi kama CJGEA, akaongoza maandamano, na mwaka 2012 akakamatwa na kushtakiwa, lakini akaachiliwa na mahakama. Kamati ya Afya ya Seneti nayo ilikuja kuyachunguza malalamiko ya wakaazi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 Bi Omido alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Kufungwa kwa tanuri hakukuiondoa risasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha damu ya watoto wa Owino Uhuru na ya watoto wa Bangladesh, mtaa mwingine wa mabanda ulio karibu. Wastani wa watoto wa Bangladesh ulikuwa mikrogramu 3.7 kwa desilita. Wa Owino Uhuru ulikuwa 7.4, yaani mara mbili. Umaskini ni ule ule, hali ya hewa ni ile ile, na chakula hakitofautiani. Kilichotofautiana ni jirani waliyepewa.

SHERIA ILIKUWAPO

Huenda msomaji akauliza: kwani hapakuwa na sheria? Zilikuwapo, tena si moja. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilitungwa mwaka 1999, nayo ndiyo iliyoiunda Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Sheria hiyo inataka kila mradi wa aina hii ufanyiwe tathmini ya athari zake kabla ya kuanza. Sheria ya Afya ya Umma, ambayo ni ya tangu enzi za ukoloni, inawapa maafisa wa afya uwezo wa kuzuia chochote kinachodhuru afya ya majirani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamlinda mfanyakazi. Juu ya hizo zote, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya.

Basi tatizo halikuwa upungufu wa maandishi. Ili kulielewa, tufikirie kwamba sheria ya kuzuia magonjwa ina milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni wa leseni. Hapa swali ni: kiwanda hiki kijengwe hapa, au kipelekwe mbali na makazi ya watu? Kukataa kwa wakati huu ndiko rahisi kuliko kote. Hakuna aliyeugua, hakuna wa kulipwa, na hakuna udongo wa kusafishwa.

Mlango wa pili ni wa ukaguzi. Kiwanda kimekwisha kuanza. Je, vichujio vinafanya kazi? Damu ya wafanyakazi hupimwa mara ngapi? Maji machafu yanaelekea wapi? Mlango huu unahitaji maafisa wa kutosha, vyombo vya kupimia, na ujasiri wa kufunga kiwanda pale kinapokaidi.

Mlango wa tatu ni wa fidia na usafishaji. Huufikia watu wakiwa wameshaumia. Gharama yake ndiyo kubwa kuliko zote, na kilichopotea hakirudi.

Watu wa Owino Uhuru walilazimika kupita mlango wa tatu kwa sababu miwili ya kwanza haikulindwa. Walifungua kesi mwaka 2016. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na ikaamuru udongo usafishwe katika muda wa miezi minne, la sivyo zilipwe shilingi milioni 700 zaidi za kazi hiyo. Juni 2023 Mahakama ya Rufani ilizitangua fidia hizo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha ile fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Katika hukumu ya mwaka 2020 kuna jambo linalostahili kukumbukwa na kila afisa wa serikali. Jaji aliugawa mzigo wa lawama baina ya walioshtakiwa. Fungu kubwa zaidi hakulitwika kiwanda, aliitwika NEMA. Wizara zilizohusika na mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, EPZA, nazo zikapewa mafungu yao. Maana yake ni kwamba mlinzi aliyelala lindoni anaweza kuhesabiwa kosa zito kuliko la mwizi. Kwa lugha ya afya, kanuni isiyotekelezwa ni kama chanjo iliyoachwa ndani ya jokofu. Imenunuliwa, imeandikwa vitabuni, lakini haijamkinga mtu.

JE, KAZI ZA WATU?

Wapo wanaosema kwamba kubana viwanda ni kuwanyima watu riziki. Hoja hii haifai kupuuzwa, hasa Changamwe na Jomvu, ambako vijana wengi hutegemea vibarua vya viwandani na bandarini. Lakini tujiulize ni nani aliyeathirika mwanzo. Aliyekuwa akiivunja betri kwa mikono na kuivuta hewa ya tanuri alikuwa kibarua mwenyewe. Jioni aliirudisha sumu nyumbani ndani ya nguo na nywele zake, akampakata mtoto. Mshahara wa mwezi hauwezi kulipia figo.

Isitoshe, betri kuukuu ni lazima zipelekwe mahali. Zikitupwa ovyo nazo zina madhara. Zinaweza kuyeyushwa kwa usalama pakiwa na tanuri lililofungwa, vichujio vya moshi, mahali pa kusafishia maji machafu, mavazi ya kazi yanayobaki kazini, na damu ya wafanyakazi ikipimwa kila mara. Mambo haya hugharimu fedha. Bila kanuni, mwenye kiwanda anayeyafanya hushindwa sokoni na yule asiyeyafanya, kwa sababu bei ya yule wa pili ni nafuu. Kanuni inayowabana wote sawasawa humlinda mfanyabiashara mwadilifu kama inavyomlinda mwananchi.

WAYEYUSHAJI WA UCHOCHORONI

Iko hatari nyingine. Serikali ikikaza kamba kwa viwanda vikubwa peke yake, betri huenda zikahamia vichochoroni. Siku hizi betri za risasi hazimo katika magari peke yake. Zimo katika tuktuk, katika pikipiki za bodaboda na katika mitambo ya sola majumbani. Kila moja ina mwisho wake, na mnunuzi wa vyuma chakavu anajua bei ya kilo moja ya risasi.

Yaliyotokea Senegal yatuonye. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, hapakuwa na kiwanda kikubwa. Watu walichekecha mchanga uliojaa mabaki ya betri, wakauchukua hadi majumbani ili watoe risasi ya kuuza. Baina ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Ni mji ule ule ambako miaka michache nyuma wajumbe walikuwa wamekubaliana kuiondoa risasi katika petroli. Sheria ilikuwa imeufunga mlango mmoja, na mwingine ukabaki wazi.

Kwa hiyo kanuni nzuri huanzia pale betri inapouzwa. Muuzaji akilazimishwa kuipokea ile kuukuu na kuifikisha kwa mwenye leseni, haitafika ua wa nyuma wa nyumba ya mtu Kisauni au Likoni. Vivyo hivyo kwa rangi za nyumba: kiwango cha Kenya hakiruhusu risasi kupita sehemu 90 kwa kila sehemu milioni moja ya rangi. Lakini kiwango hicho humlinda mtoto anayebambua ukuta pale tu ambapo mikebe iliyo dukani inachukuliwa na kupimwa.

MWANANCHI AFANYE NINI?

Ingawa kinga kubwa iko mikononi mwa serikali, mwananchi naye ana sehemu yake, nyumbani na mtaani.

Nyumbani, usivunje wala kuchoma betri uani, na usiyeyushe risasi ya chubwi katika sufuria inayotumika kwa chakula au karibu na watoto. Anayefanya kazi ya betri au vyuma chakavu abadilishe nguo na aoge kabla ya kuwashika watoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiliwa kavu, kwani ufagio hurusha vumbi hewani. Watoto waoshwe mikono kabla ya kula. Wapewe mboga za majani, maharagwe, dagaa na maziwa kila inapowezekana, maana mwili ulioshiba madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi kidogo zaidi.

Hospitalini, ikiwa unaishi au unafanya kazi karibu na mahali panapoyeyushwa betri, mwambie daktari. Kipimo cha kawaida cha malaria au cha wingi wa damu hakiwezi kuonyesha risasi. Ni lazima kipimo chake kiagizwe mahsusi. Mtoto mwenye tumbo la kusokota, kufunga choo, upungufu wa damu usioisha au kuchelewa kuongea, na aliye karibu na sumu hii, anastahili kupimwa. Mjamzito vilevile. Hata asiye na dalili yoyote huenda ameathirika.

Mtaani, ukisikia kuna kiwanda kipya kinachotaka kujengwa, uliza ripoti ya tathmini ya mazingira. Sheria inataka umma upewe nafasi ya kutoa maoni kabla ya leseni kutolewa. Nenda kwenye kikao hicho, na mkienda wengi ni bora zaidi. Kiwanda kikiwa kimeshaanza na una shaka nacho, andika malalamiko kwa NEMA na kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti, weka nakala yenye tarehe, na andika siku na saa za moshi. Karatasi kama hizo husaidia sana mbele ya jaji.

Jambo la mwisho halijulikani na wengi. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu kwenda mahakamani pale haki ya mazingira safi inapovunjwa au inapotishiwa, na hakimtaki athibitishe kwamba yeye au mtu mwingine ameshapata hasara au ameumia. Kwa maneno mengine, si lazima kungoja mtoto augue ndipo ushtaki. Sheria imempa mwananchi uwezo wa kugonga mlango wa kwanza, ule wa leseni, wakati ambapo tanuri bado halijawashwa na udongo bado ni safi.